Hoteli ya Mjane wa Asmara

Mji wetu wa Bagamoyo hauna subira na chakula kilichochacha. Mchuzi ukitoa povu tu, mwenye nyumba huumwaga jalalani na kumsema mpishi hadi jioni. Basi fikirieni tulivyoshangaa, miaka ile ya mwanzo wa sabini, mwanamke mmoja alipofungua hoteli katikati ya mji mkongwe akaanza kuuza, tena kwa makusudi, mkate uliochachishwa mpaka ukatoboka vitundu. Nilikuwa jirani yake. Naandika habari zake kwa sababu wanaomsimulia siku hizi humsimulia kwa kicheko tu, na kicheko peke yake hakimtoshi.

Alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu, baharia wa meli za mizigo, mmoja wa wale vijana waliorudi nyumbani na redio, saa ya mkono na hadithi nyingi kuliko umri wao. Safari moja alirudi na mke. Alimpata Masawa, bandari ya Eritrea, ingawa kwao hasa ni Asmara, juu milimani kwenye baridi. Alikuwa Muislamu kama sisi, Kiarabu chake kizuri kuliko cha walimu wetu wa chuoni, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Sisi tulimwita Mhabeshi. Yeye alijiita mtu wa Asmara, na siku akiwa hana raha alitusahihisha kwa ukali, maana huko kwao watu walikuwa wakipigana kwa ajili ya jambo hilo hilo. Lakini jikoni hakuwa na ugomvi na upande wowote. Usichana wake aliumalizia kwa shangazi yake Addis Ababa, kwa hiyo alijua vya Waeritrea na vya Wahabeshi, na vyote alivipika kwa mapenzi.

Mume aliugua homa iliyomla mwili polepole, akafia nyumbani kwao, katika chumba cha juu, mkewe na mama yake wakimuuguza kwa zamu. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Eda ilipokwisha kila mtu alingoja kuona mjane ataondoka lini. Aende wapi? Nyumba ya baba yake ilikuwa imeungua vitani, na ndugu zake walikuwa wametawanyika Sudani, haijulikani nani yuko wapi. Alichokuwa nacho duniani ni chumba kimoja katika nyumba ya mama mkwe, na huyo mama mkwe hakuwa akisema naye.

Nitajaribu kumweleza mama huyo kwa haki, ingawa wakati ule sikumpenda hata kidogo. Nyumba ilikuwa yake, ameirithi kwa baba yake, na marehemu alikuwa mtoto wake wa pekee. Alikuwa mkavu, msafi, hachekicheki ovyo. Tangu mazishi alikuwa na jiko lake na chungu chake, na hakuonja kitu chochote kilichopikwa na mkwe wake. Akitaka kumwambia jambo aliniambia mimi, hata kama mwenyewe amesimama pale pale. "Mwambie mwenzio kamba ya kisima imekatika." Nami nageuka namwambia mtu aliyekwisha kusikia. Sababu ya kununiana huko hatukuijua. Tulisema tu kuwa ni uchungu wa mtoto.

Mimi nilikuwa nimeachika, nakaa kwa mama yangu, nauza vitumbua asubuhi barazani. Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kunipotezea mume mmoja na sikuona sababu ya kuanza kuubana. Ndiyo maana mjane alinituma mimi kwenda kuomba chumba cha mbele, kile kilichotazama barabara. Alinifuata akasimama nyuma yangu, ameshika buibui lake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nini tena?"

"Mwenzangu anataka kufungua hoteli katika chumba cha mbele, bibi. Kimejaa magunia matupu na panya."

Mama mkwe aliendelea kuchambua mchele wake. Alipomaliza ungo mzima ndipo akajibu. "Mwambie afungue. Lakini siku jina la mwanangu litakapotiwa midomoni mwa watu kwa sababu ya hoteli hiyo, anirudishie vyumba vyangu vyote, cha chini na cha juu, akatafute pa kwenda."

Nikageuka nimweleze. Mjane alikuwa tayari anamshukuru.

Kazi ya kwanza ilikuwa unga. Nafaka ya kwao, ile ndogo kama mchanga, haikuwepo hapa. Alijaribu mtama ulioshuka na malori kutoka Msata, mkate ukavunjika. Alijaribu unga wa mchele peke yake, ukawa chapati ya maji. Mwisho akachanganya ulezi na mchele kidogo, akakoroga na maji, akafunika, akaacha. Kila asubuhi alifunua ule mtungi akatia pua ndani. Nilimwambia, "Shoga, umeharibika huo." Akaniambia, "Bado haujaharibika vizuri." Nami niliyejidai fundi wa vitu vya kuumuka nikanyamaza, na haikuwa desturi yangu.

Mkate wenyewe, injera, unataka kikaango kipana bapa cha udongo. Alipanda lori la mananasi mpaka Kiwangwa akamtafuta mfinyanzi, mama mmoja wa Kikwere, akamchorea duara mchangani kwa kijiti. Yule mama alicheka, akadhani anafanyiwa mzaha, halafu akamfinyangia kikaango ambacho ilibidi wakibebe wanawake wawili. Meza aliagiza kwa wasusi wa Kaole, ya ukili, ya mviringo, yenye kifuniko kilichochongoka juu. Watu walipoiona walisema Mhabeshi anawalisha watu juu ya kawa la kufunikia chakula. Alipoeleza kuwa kwao meza ndivyo ilivyo, wakasema basi kumbe nasi tuna meza nyingi majumbani na hatujui.

Siku alipotayarisha pilipili ndipo mji ulipotambua kuwa mambo si mzaha. Alizikaanga kavu pamoja na iliki, uwatu, giligilani na tangawizi iliyokauka, kisha akazitwanga kwenye kinu uani. Mtaa mzima ulipiga chafya. Mwalimu wa chuo cha Kurani nyuma yetu aliwaachia watoto mapema, na kuanzia hapo watoto wakawa wanamuuliza kila siku, "Mama, leo hutwangi?"

Sijawahi kumwona mtu anayefanya kazi namna ile. Vitunguu alivikaanga bila mafuta, kwa moto mdogo, akivikoroga asubuhi nzima mpaka vikawa rojo la kahawia, na hapo tu ndipo alipotia samli, nayo samli alikuwa ameipika na viungo akaichuja. Kuku alimchemsha katika rojo hilo na mayai mazima yaliyochemshwa. Dengu alizisaga unga akazipika uji mzito wa pilipili uliomtosheleza hata asiye na uwezo wa kununua nyama. Siku samaki wakiwa wazuri alipika nguru kama wapikavyo Masawa. Kahawa aliikaanga mbele ya mteja, akapitisha moshi wake chini ya pua za watu, ndipo akaitwanga. Nilimwambia anapoteza muda, watu wanataka kunywa waondoke. Akasema, "Anayetaka kuondoka haraka asile kwangu." Nilidhani hiyo si biashara. Nilikosea, tena sana.

Mwanzoni hata hivyo hakuja mtu. Neno lilipita kuwa ule mkate ni pombe ya kutafuna, kwamba unga unaotoa povu siku zote hizo hauwezi kuwa halali. Nilikasirika, maana waliosema hivyo walikula vitumbua vyangu, na bibi zetu wote mji huu walitumia tembo la mnazi kuumulia vitumbua. Nilitaka kwenda kuwatangazia hayo sokoni. Mjane akanizuia. Asubuhi yake alileta mtungi wake akauweka barazani, akachukua bakuli langu la unga wa vitumbua akaliweka kando yake, vyote viwili vinatoa povu. Kila mpita njia aliyetazama alimkaribisha anuse, kisha akamuuliza kwa adabu, "Samahani, ipi ni pombe?" Watu wakanusa huku, wakanusa huku, wakacheka. Mzee mmoja mnunuzi wangu wa kila siku alisema akiendelea hivyo tutakosa hata kifungua kinywa. Siku hiyo hiyo walianza kuingia.

Walioingia kwanza walikuwa madereva wa Msata na matingo wao. Hao walikula popote na hawakuogopa kitu kichachu. Kula sinia moja hakukuwashangaza, pwani yote tunakula hivyo. Kilichowashangaza ni kuwa sinia lenyewe, ile injera iliyotandazwa chini ya mchuzi, linaliwa. Wakifika chini wanatafuta sahani, hawaioni. Wakawaleta wachuuzi wa mananasi, hao wakawaleta makarani wa ofisini, na wageni waliokuja kuona magofu ya Kaole wakaelekezwa kwetu. Wanawake wa mjini hawakuingia kukaa na wanaume, lakini walituma bakuli, na bakuli zilizotumwa na wanawake ndizo zilizonionyesha kuwa amefaulu. Nilimwonea fahari kana kwamba mimi ndiye niliyemleta na meli.

Yeye mwenyewe alikuwa akipakua, anasalimia, kisha anarudi nyuma ya pazia. Kila kitu alikifanya kwa heshima ya nyumba. Buibui lake halikuanguka begani hata siku moja. Mama mkwe huko juu hakusema kitu, na kwa mama yule kutosema kitu kulikuwa karibu sawa na sifa.

Halafu ikaja ile Ijumaa.

Baada ya swala aliingia ami yake marehemu, mdogo wa baba yake, mtunza fedha wa msikiti wetu. Mtu mzito, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa hajawahi kukanyaga hotelini. Chumba kilikuwa kimejaa, na watu wote wakakaa sawa kama watoto mwalimu akiingia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia naosha vikombe, na mkono wangu ulisimama. Mjane alimwandalia kuku na mayai, injera mpya ya moto, akarudi akasimama kando yangu. Tulichungulia kwenye upenyo.

Ami alikula kimya. Alimega, akachovya, akala, akamega tena. Alipofika katikati akainua kichwa akaita, "Mwanangu!"

Mjane akatoka.

"Marehemu alinieleza habari za chakula hiki," ami akasema. "Alikuwa akirudi safari ananiambia, ami, siku moja utakionja. Nikadhani ananitania. Mwanangu, umefanya jambo kubwa. Angekuwa hai angefurahi."

Tangu mumewe afariki hakuna mtu wa ukoo ule aliyemwambia neno kama hilo. Niliona uso wake ukibadilika. Alipiga magoti penye meza ya ukili, akamega kipande cha injera, akakikunja na nyama na yai, akakibana vizuri kwa vidole, akaunyanyua mkono. Akauelekeza mdomoni mwa ami.

Na ami akafungua mdomo!

Nieleze hapa kwa wasiojua kwetu. Mwanamke wa pwani humtia mtu mzima tonge mdomoni katika mambo mawili tu. Mtu awe mgonjwa kitandani, au awe mumewe, na huyo mume hulishwa ndani, mlango umefungwa. Kumlisha mwanamume hadharani, tena mkwe, tena mtunza fedha wa msikiti, tena Ijumaa, hakuna aliyewahi hata kukukataza, kwa sababu hakuna aliyewahi kukuwaza. Watu wote waliacha kumega. Ami alitafuna, akameza, akatazama ukuta. Ndipo mjane alipowaona watu, akautazama mkono wake, akarudi nyuma ya pazia.

Habari ilimtangulia ami nyumbani kwake. Inasemekana mkewe alimpokea mlangoni na swali moja, "Ulifungua mdomo?" Angeufumba mambo yangekwisha hapo. Ilipofika alasiri matonge yalikuwa yamekuwa mengi. Ilipofika magharibi mjane alikuwa amempakata. Kesho yake hakuna mtu wa mjini aliyeingia hotelini, na hakuna bakuli lililotumwa. Barabarani walisema, mke wa fulani, wakimtaja marehemu kwa jina lake.

Mama mkwe aliniita. Hakupandisha sauti.

"Mwambie mwenzio, Ijumaa ijayo nataka vyumba vyangu."

"Bibi, alikosea desturi tu, yeye si mtu wa—"

"Sikukuita ujibu."

Nilishuka ngazi ninachemka, sijui nimkasirikie nani. Nikamkasirikia mjane, maana ndiye aliyekuwa karibu. "Umefanya nini wewe? Ungemlisha hata mjumbe wa nyumba kumi, lakini yule?"

Alikuwa amekaa juu ya gunia la ulezi. "Kwetu," akaniambia, "mgeni akila mwanzo mpaka mwisho kwa mkono wake mwenyewe, ni kama hakuna aliyemwona. Unayempenda unamlisha. Unayemheshimu unamlisha. Hata uliyegombana naye, siku ya kupatana unamlisha. Alivyosema vile nilifurahi, dada. Mkono ukaenda."

"Basi twende ukaombe radhi."

"Radhi nitaomba kwa aibu niliyowatia. Kwa kumlisha siombi."

Ndivyo alivyokuwa. Ana wiki moja ya kukaa duniani penye paa, bado anachagua cha kuombea radhi. Nilitaka kumpiga, na nilimpenda kuliko siku zote.

Tulikwenda kwa mke wa ami. Mama yule alikuwa mnene, mcheshi, kungwi wa mabibi harusi nusu ya mji, na nilitegemea atatufukuza na mwiko. Alimsikiliza mjane mpaka mwisho. Halafu akaanza kutikisika mabega, nikaona kumbe anacheka. "Miaka yote hii," akasema, "mume wangu hafungui mdomo mbele yangu ila kugomba. Wewe umeufungua kwa yai." Akamshika mkono. "Kwangu yamekwisha, mwanangu. Lakini yule mama mkwe wako mimi simwezi. Nimejaribu jana. Amenipa chai akanionyesha mlango."

Alhamisi ikafika. Mjane alipika. Unga ulikuwa umekwisha kuchacha na hakuwa mtu wa kutupa unga, kwa hiyo alioka injera, akapika kuku, akaweka mezani kana kwamba wapo watu. Mlango wa barabarani ulikuwa na komeo. Mimi nilikuwa naviringisha vikombe kwenye magazeti makuukuu na kuvipanga kwenye kikapu, nalia bila kujificha. Yeye hakulia. Alikuwa akikunja pazia.

Tulisikia ngazi. Mama mkwe alikuwa anashuka, taratibu, mkono ukutani. Tangu chumba kile kiwe hoteli hakuwahi kuingia. Alitazama kuta zilizopakwa chokaa, sakafu iliyosuguliwa, ile meza. Nilidhani amekuja kuchukua ufunguo. Akavuta kigoda, akakaa.

"Muulize mwenzio," akaniambia. "Mwanangu naye alikuwa akimlisha hivyo?"

Nikageuka, lakini safari hii mjane hakunisubiri. "Kila siku aliyokuwa nyumbani, mama."

Mama mkwe akamtazama. Kisha akasema naye mwenyewe, mara ya kwanza tangu tumzike kijana yule.

"Hata alipokuwa mgonjwa?"

"Hata alipokuwa mgonjwa."

"Mimi alinikataa," akasema mama yule. Sauti yake ilikuwa ile ile kavu, lakini mikono alikuwa ameibana mapajani. "Kila siku nilimpikia wali wa mgonjwa, ule laini, wa tui la kwanza, kama nilivyompikia akiwa mtoto. Nikimpelekea kijiko anageuza uso ukutani. Nikishuka ngazi namsikia juu anakula kwako. Mwanangu amekufa ameukataa mkono wangu, akaupenda wako."

Hapo ndipo nilipoelewa kimya cha muda wote ule, na nikaona haya kwa kila neno baya nililowahi kumsema.

Mjane aliliacha pazia likaanguka. Akaja akakaa chini, miguuni pa mama mkwe.

"Mama, alikuwa anakula wali wako."

"Usinidanganye."

"Kijiko kilimtia kichefuchefu. Ladha ya chuma, hakuweza. Alikuwa anaona vibaya kukwambia. Ukishuka nilichukua bakuli lile lile ulilolileta, nikamfanyia matonge madogo, nikamlisha kwa mkono. Siku zile mimi sikupika kitu. Alikuwa anakitaka hicho chako tu. Mpaka siku ya mwisho."

"Bakuli lilirudi tupu," mama akasema polepole. "Nilidhani unakula wewe."

"Mimi sikuwa nakula, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwa ukisema nami."

Mama mkwe alifuta uso kwa upande wa kiganja, kwa haraka, kama anayefukuza nzi. Halafu akauliza, "Na wewe? Tangu afe, wewe nani amekulisha?"

Mjane aliinamisha uso. Akatikisa kichwa.

Mama mkwe akavuta bakuli la maji akanawa mkono. Alimega injera vibaya, kipande kikubwa kupita kiasi, akakichovya kwenye mchuzi mpaka vidole vikazama, akaweka na yai nusu. Mchuzi ulitiririka ukaingia kwenye kanga yake. Mjane akaunyanyua uso. Mama akamlisha. Alimlisha kama mtu asiyezoea, akimsukumia kwa kidole gumba, na yule mwanamke ambaye sikumwona akilia msibani alilia huku anatafuna, na bado anajitahidi asimwage hata punje. Kisha mama akalamba vidole vyake mwenyewe. Hicho ndicho chakula cha kwanza alichoonja cha mkwe wake.

"Kichachu," akasema. Akamega tena.

Wakati huo lori liliegeshwa nje. Madereva wa Msata walikuwa ndio kwanza wanafika na mtama, hawana habari ya ami wala ya tonge, na wakaanza kugonga mlango na kupiga kelele kuwa wana njaa. Nilibaki nimeshika kikombe changu kwenye gazeti.

"Wewe, unatutazama nini?" mama mkwe akaniambia. "Wafungulie watu."

Nikavuta komeo. Dereva wa kwanza aliingia anacheka, akatuona sisi watatu, macho mekundu, vyombo vimefungwa, akavua kofia.

"Jamani, nani amefariki?"

"Mwanangu," akajibu mama yule. "Karibu, kaa ule."